TAHADHARI kwa wanaotafuta ufadhili wa masta: usimtumie mtu pesa ya "SEVIS"

Ndugu zangu, naandika kwa ruhusa ya mdogo wangu, ambaye tangu wiki iliyopita chakula hakimpiti kooni. Amelizwa shilingi 1,435,000 na mtu anayejiita wakala wa ufadhili wa shahada za uzamili nje ya nchi. Mwenye mtoto, mdogo au rafiki aliyemaliza digrii na anasaka nafasi ya kuendelea, naomba asome mpaka mwisho. Barua aliyotumiwa mdogo wangu yenyewe inaonyesha kwamba hakulizwa peke yake.

Ilianzia kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu. Tangazo likasema kuna ufadhili wa masta kwenye chuo kimoja kikubwa cha Marekani. Chuo kipo kweli na hakina kosa lolote, kwa hiyo sikitaji. Ada yote inalipwa, nauli ipo, posho kila mwezi, mtihani wa Kiingereza hakuna. Mdogo wangu akamfuata inboksi. Yule mtu ni mstaarabu sana kwa maneno. Anakuita "mheshimiwa", asubuhi anakutumia ujumbe wa sauti wa kukutia moyo, anamjulia hali mama. Akaomba vyeti, nakala ya pasipoti na namba ya NIDA. Akaomba 95,000 ya fomu. Siku nne baadaye, 420,000 ya kuthibitisha vyeti. Wiki mbili zikapita, ikaja barua: umechaguliwa. Nyumbani vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Halafu ikaja SEVIS, 920,000. Mama akaenda kukopa kikoba.

Hapa ndipo naomba mtulie, maana ndipo watu wengi wanaponaswa. Mdogo wangu hakuwa mzembe. Aliingia Google, akakuta SEVIS ni kitu cha kweli, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na ada yake kwa mwanafunzi anayekwenda kusoma chuo kikuu ni dola 350. Hesabu ikakaribiana, akaamini. Ambacho hakukijua ni kwamba pesa hiyo analipa mwanafunzi mwenyewe, kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, baada ya chuo kumtumia fomu ya I-20, inayothibitisha kwamba amepokelewa, yenye namba yake ya SEVIS. Haipiti kwa wakala, wala haitumwi kwenye simu ya mtu. Alipotuma, likatokea jina la mtu binafsi kwenye muamala. Akauliza, akajibiwa, "Huyo ni mhasibu wetu."

Tapeli huyu amejificha katikati ya ada za kweli. Tumezoea kuambiana kwamba ukiombwa hela ujue ni wizi, lakini safari ya masomo ina malipo halali pia. Vyuo vingi vya Marekani vinatoza ada ya maombi, mara nyingi kati ya dola 50 na 100, ila unailipia ndani ya mfumo wa maombi wa chuo chenyewe, na vingine vinakusamehe ukiandika kuomba. Ada ya viza ipo. Kwa hiyo kila ukiombwa pesa, uliza inaingia mfukoni mwa nani. Kwa upande wa ufadhili wenyewe, Chevening ya Uingereza, DAAD ya Ujerumani na Fulbright ya Marekani hawatozi hata senti kupokea maombi yako.

Safari ya nne aliombwa 1,600,000 ya bima, na iwe imefika kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Ndipo aliponipigia nimkopeshe. Nikamwambia nitumie hiyo barua kwanza.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa safi: nembo, muhuri, jina lake kamili. Ukurasa wa pili, namba ya pasipoti si yake. Aya ya tatu inamzungumzia mtu wa kike, wakati mdogo wangu ni wa kiume. Walichukua barua ya dada mmoja wakabadilisha jina mwanzoni, wakasahau kwingine. Chini kuna "namba ya CAS" ya kuombea viza. CAS ni ya vyuo vya Uingereza! Marekani ni I-20. Na barua pepe iliyoileta ilikuwa na jina la chuo, kistari, halafu neno la udahili na .com mwishoni, wakati vyuo vya Marekani vinatumia .edu, ambayo haiuzwi kwa kila anayetaka.

Nikamuuliza maswali ambayo najilaumu sikuyauliza mwanzo. Uliandika maelezo ya kwa nini unataka kusoma fani hii? Hapana. Mwalimu wako yeyote aliombwa kukuandikia barua ya kukupendekeza? Hapana. Nani alikuhoji? Hakuna. Idara ipi imekupokea? Hajui. Sasa chuo gani kitakupa mamilioni bila kukujua? Chevening wanataka uwe umefanya kazi angalau saa 2,800, sawa na miaka miwili, na wakikuona unafaa wanakuita kwenye usaili. Kwenye vyuo vya Marekani, sehemu kubwa ya ufadhili wa uzamili na uzamivu inatoka idarani, na mara nyingi ni kazi: unasaidia kufundisha au kufanya utafiti, kwa kawaida si zaidi ya saa 20 kwa wiki, nao wanakusamehe ada na kukulipa posho. Barua ya kweli inataja idara, kazi yenyewe na muda wake.

Na ile haraka ya "kabla ya saa kumi" ni uongo mtupu. Vyuo vingi vya Marekani vimesaini makubaliano ya Council of Graduate Schools kwamba mtu aliyepewa ufadhili wa shahada ya juu halazimishwi kujibu kabla ya Aprili 15. Wanakupa muda ufikirie, tena ulinganishe na vyuo vingine.

Ukitaka uhakika, usipige namba iliyo kwenye barua. Ingia tovuti ya chuo mwenyewe, tafuta anwani ya ofisi ya shahada za juu, waandikie uwatumie na nakala ya barua. Mimi niliandika usiku, kesho yake jioni nikajibiwa kuwa jina la mdogo wangu halipo kwenye mfumo wao. Kama ni wakala wa hapa nchini, waulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kama wanamtambua.

Aliyekwisha kutuma pesa, apige huduma kwa wateja ya mtandao wake saa hiyohiyo. Sisi tulichelewa, pesa ilikuwa imeshatolewa. Toa taarifa ya namba ya tapeli kupitia 15040, nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), na usifute meseji hata moja hata kama zinakuumiza kuzitazama. Na kama ulimtumia namba ya NIDA, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Usije ukakuta laini usiyoijua inatumika kuwaliza wengine.

Dada ambaye namba yako ya pasipoti imebaki kwenye ukurasa wa pili, siiweki hapa, lakini ninayo. Kama ulitumiwa barua ya chuo cha Marekani yenye namba ya CAS, nifuate inboksi, nitakusomea tarakimu mbili za mwisho uthibitishe kama ni wewe. RB tunayo tayari, na Jumatatu tunarudi kituoni. Ningependa tusiende wawili tu.