Laini ya Washington–Moscow: naipa nyota 4

Wakuu, hii ndo laini ya dharura ya wakubwa wa Marekani na Usovieti kuwasiliana moja kwa moja, wengi tunadhani ni simu nyekundu juu ya meza ya rais, kumbe hapana. Imeanza kazi 30 Agosti 1963 ikiwa mashine kama za teleksi, unaandika, ujumbe unapita kwenye kebo London, Copenhagen, Stockholm, Helsinki mpaka Moscow, halafu ndo unatafsiriwa. Kwangu hapo ndo penye utamu. Mtu mwenye hasira akishika simu anaropoka tu, ila akiandika anarudia kusoma kabla hajatuma.

Kabla yake hali ilikuwa ya kutisha. Oktoba 1962, makombora ya Wasovieti yako Kuba, dunia inataka kuungua, balozi wa Wasovieti pale Washington, Dobrynin, anaita kijana wa Western Union, kampuni ya telegramu, aje na baiskeli abebe telegramu ya siri, afu wanabaki ubalozini wanaomba Mungu kijana asisimame njiani kupiga stori na msichana. Baiskeli jamani! Na ule ujumbe mrefu wa Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, kwa rais wa Marekani wa tarehe 26 ulikula karibu masaa 12 kufika.

Sasa njoo Juni 1967, vita vya Israeli na Waarabu. Tarehe 8 Waisraeli wakaipiga meli ya Marekani, Liberty, wakafa watu 34. Ndege za Marekani zikaruka kuelekea huko, na rais Johnson akawahi kumwandikia kwa laini hii Kosygin, waziri mkuu wa Wasovieti, kwamba zinaenda kwenye meli yetu tu, msizielewe vibaya. Hapo tu nyota 3 zimeshapatikana.

Tarehe 10 Kosygin akaandika kwamba Israeli isiposimama kule Syria watachukua hatua, hata za kijeshi. Johnson akajibu kwa upole huku manowari zake anazisogeza karibu na Syria, jioni mapigano yakasimama. Mtasema kilichofanya kazi ni manowari. Mi nakataa, manowari bila maneno ni kubahatisha, mwenzio anaona chuma kinakuja hajui unataka nini.

Nyota niliyokata ni hii: waliokuwa chini ya mabomu Golan na Sinai hawakuwa na mashine yoyote ya kuandikia, laini ni ya wakubwa wawili, wenye vita yao wanasubiri kuamuliwa, na hilo linaniuma sana.

Ila kwa matunzo hawa jamaa nawavulia kofia, wanaijaribu kila saa usiku na mchana hata kama hakuna shida yoyote, saa hii anatuma Mmarekani, saa inayofuata Mrusi.