Mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga breki: uzoefu wangu wa tiba ya mazungumzo na yoga hapa Tanga

Naandika kwa ajili ya aliyepata ajali, akapona, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na mwili wake bado haujakubali kwamba yamekwisha. Mimi nilikaa hivyo mwaka mzima na zaidi.

Nilikuwa kiti cha mbele kwenye gari la kaka yangu, tunatoka Segera kurudi Tanga, mvua ya masika imeshika. Lori likahama upande wake. Sitaeleza zaidi ya hapo. Kaka alivunjika mkono, mimi nikatoka na michubuko na ubavu mmoja wenye ufa. Kila aliyekuja kutupa pole alisema Alhamdulillahi, na kweli, Alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile sikuweza kupanda hata bajaji bila viganja kutoka jasho. Usingizi ukakatika. Mlango ukijibamiza, roho inaruka. Kazini nikawa nakwenda kwa miguu, jua au mvua.

Shangazi aliniletea mkandaji kutoka Ngamiani, mama mtu mzima mwenye mikono ya baraka. Siku saba alinikanda kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, mgongo na mabega, na siku hizo nililala. Kisha hali ikarudi palepale. Baadaye nikaanza kuonana na mtaalamu wa ushauri nasaha, miezi minne ya kuzungumza. Naiheshimu sana kazi ile. Ndipo nilipokiri kwa mara ya kwanza kwamba nilimharakisha kaka siku hiyo, na nikalia kilio nilichokuwa nimekimeza. Ila mwisho wake nikawa mtu anayeweza kuieleza hofu yake kwa ufasaha kabisa, na gari hapandi.

Katikati ya hapo nilijaribu darasa la kawaida la yoga, yale mazoezi ya kunyoosha mwili na kupumua, na hili nalisema kwa uchungu. Mwalimu alikuja nyuma yangu nikiwa nimeinama, akanisukuma mgongo kwa mikono miwili ili nifike chini, bila kuniuliza. Nilishtuka nikapiga kelele mbele ya watu wote. Sikurudi tena. Mtu mwenye kiwewe haguswi kwa ghafla, tena kutokea nyuma. Hilo kila anayefundisha watu alipaswa kulijua.

Huduma ninayoisifia leo inatolewa kwenye nyumba ya kawaida upande wa Raskazone. Mnasihi ni mwanamke, amesomea saikolojia, halafu akajifunza yoga iliyotengenezwa kwa watu waliopitia mishtuko. Kikao ni dakika 75, mtu mmoja mmoja. Mazungumzo na mwili havitengwi, kwamba sasa tuongee, sasa tunyooshe viungo. Unaongea, na yeye anausikiliza mdomo huku anautazama mwili.

Kikao cha tatu ndicho kilichonigeuza. Nilikuwa namsimulia lile lori, nimekaa kwenye kiti, nadhani nimetulia. Akaniambia taratibu, "Dada'angu, ngoja kidogo. Hebu angalia mguu wako wa kulia." Nikatazama. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya kandambili, kisigino kimenyanyuka, unyayo unagandamiza sakafu mpaka paja linatetemeka. Nilikuwa nakanyaga breki. Mimi abiria, ambaye mbele yangu hapakuwa na breki yoyote, nilikuwa naikanyaga tangu siku ile na sijui.

Hakuniambia niache. Aliniomba, kama naona sawa, nikanyage zaidi, polepole, nikisukuma ukuta kwa unyayo, kisha niachie kidogo kidogo nikisikiliza kinachotokea. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu joto lilipanda kutoka kwenye goti hadi tumboni, nikapiga mwayo mkubwa, machozi yakatoka bila kwikwi. Usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Alinieleza kwamba wapo wataalamu, mmojawapo Mmarekani Peter Levine, waliojenga tiba yao juu ya wazo hili: hatari inapokuja mwili hujiandaa kukimbia au kujikinga, na usipopata nafasi ya kumaliza hubaki umejikaza. Sina elimu ya kubishana na hilo wala kulithibitisha. Mguu wangu ninaujua.

Kuna pia pumzi. Unavuta kwa hesabu ya nne, unatoa kwa hesabu ya sita, yaani pumzi sita kwa dakika. Mtu akitoa pumzi moyo hupunguza mwendo, kwa kazi ya neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi moyoni na tumboni. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka bibi yangu. Mtu akija mbio na habari mbaya, bibi alimwambia, "Kaa kwanza, shusha pumzi." Sisi husema roho mkononi, kifua kimebana, moyo mzito, nimekufa ganzi. Lugha yetu haijawahi kuutenga moyo na mwili, sijui kwa nini tulipoanza kutibiwa tulikubali vitenganishwe.

Kwa wanaotaka ushahidi: mwaka 2014 daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye kiwewe sugu ambacho tiba za awali hazikukimaliza. Waliofanya yoga saa moja kwa wiki, kwa wiki 10, 16 kati ya 31 mwishoni hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo. Kundi jingine, lililopewa mafunzo ya afya ya wanawake, walikuwa 6 kati ya 29. Ni utafiti mdogo, na yoga pale iliongezwa juu ya tiba nyingine, haikuchukua nafasi yake. Ndiyo maana sishauri mtu aende akanunue mkeka tu.

Najua wengi mtauliza kuhusu dini. Mimi ni Muislamu, nilimwuliza siku ya kwanza kabla ya kuvua viatu. Hakuna nyimbo, hakuna sanamu, hakuna maneno ya kukariri. Nilibaki na baibui na mtandio wangu, mlango umefungwa, wanawake wawili tu chumbani. Shangazi alikuja siku moja akakaa barazani akisubiri. Tulipotoka akasema, "Mwanangu, kumbe ni kupumua." Akaridhika.

Sasa yasiyonipendeza. Bei yake ni shilingi 40,000 kwa kikao, na kwa mshahara wa wengi wetu hiyo ni hela nyingi. Nilikwenda mara moja kila wiki mbili kwa sababu hiyo. Halafu lile zoezi la kulala chali na kupitia kiungo kimoja kimoja kwa mawazo, kuanzia vidole vya miguu, mimi lilinidhuru. Ule ukimya ulinirudishia mlio wa vioo. Nilipomwambia aliliacha hapohapo, tukawa tunafanya nimekaa, macho wazi, natazama mwembe dirishani. Ningependa angeuliza kabla. Na kama una mawazo ya kujidhuru, au unasikia sauti, nenda hospitali kwanza, Bombo ipo. Yeye mwenyewe husema hivyo, na dawa za mtu hazigusi.

Nilifanya vikao kumi na vinne. Wiki iliyopita nilipanda hiace kwenda Muheza, peke yangu, kiti cha dirishani. Pale Pongwe lori likatupita kwa kasi na mguu ukakanyaga. Niliuona. Nikausukuma kwenye sakafu ya gari kama tulivyozoea, nikauachia polepole, nikahesabu sita nikitoa pumzi. Kondakta akaniuliza, "Mama, unashuka?" Nikamwambia bado, nafika Muheza. Nilirudi jioni na machungwa ya shilingi elfu tano, nusu nikampelekea kaka.