Hadhi ya msafiri wa mara kwa mara: ngazi ipi inafaa kufukuziwa?

Kadi ya msafiri wa mara kwa mara hutolewa bure. Hadhi, yaani ngazi unayopanda kadiri unavyosafiri na shirika moja (fedha, dhahabu na juu zaidi), ndiyo inayonunuliwa. Kila unapoiacha tiketi nafuu ukapanda shirika "lako" ili pointi ziongezeke, umeilipia. Basi ipime kama bidhaa nyingine yoyote. Nimezipanga ngazi hizo, pamoja na njia ya kukaa bila hadhi, kuanzia ile inayorudisha pesa haraka.

1. Ngazi ya dhahabu iliyo ndani ya muungano

Hapa ndipo penye mali. Muungano ni kundi la mashirika ya ndege yanayoheshimiana hadhi, na mikubwa ni mitatu. Star Alliance huiita Gold, oneworld huiita Sapphire, SkyTeam huiita Elite Plus, na mashirika yote ya muungano husika yanakutambua. Wengi husifia ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege, na kweli mara nyingi unaingia na mgeni mmoja hata kama tiketi yako ni ya daraja la kawaida. Mimi natanguliza mzigo. Mwenye Star Alliance Gold huongezewa kilo 20, au begi moja pale mizigo inapohesabiwa kwa idadi. Anayesafiri na bidhaa au vifaa vya kazi anajua maana yake. Jirani yake amechuchumaa mbele ya kaunta, sanduku liko wazi sakafuni, anahamishia viatu kwenye mkoba wa mkononi huku foleni nzima ikimtazama; mwenye Gold keshapewa pasi ya kupandia.

Faida nyingine huonekana siku mambo yanapoharibika. Ndege ikifutwa, viti vya inayofuata huwa vichache, na kwenye orodha ya kusubiri wenye hadhi hutangulizwa. Ukiwa na kikao kesho yake asubuhi, hilo linazidi vitafunio vyote vya ukumbini.

Angalia pia unajiunga na mpango wa nani. Mwenye Gold ya United, shirika la Marekani lililomo Star Alliance, haruhusiwi kwenye kumbi za United akiwa na safari ya ndani ya Marekani tu, ilhali mwenye Star Alliance Gold ya shirika lingine anaingia. Ndege ile ile, ukumbi ule ule! Kwa hiyo unaweza kupanda shirika moja na pointi ukazipeleka kwa mwenzake wa muungano, mradi masharti ya tiketi yanaruhusu.

2. Kununua huduma moja moja

Kama safari zako ni chache, au mwajiri anakuchagulia tiketi ya bei ya chini popote inapopatikana, usihangaike na hadhi. Lipia begi la ziada unapolihitaji, lipia kiti chenye nafasi ya miguu, na kwa ukumbi kuna kadi kama Priority Pass isiyojali umepanda shirika gani. Piga hesabu ya mwaka mzima. Mara nyingi jumla huwa ndogo kuliko nyongeza ya nauli ambayo ungeitoa kwa ajili ya uaminifu.

3. Ngazi ya fedha

Ichukue ikija yenyewe. Kupanda ndege mapema kidogo na kuchagua kiti si sababu ya kubadili tiketi.

4. Ngazi ya juu kabisa

Tazama Emirates, ambayo haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu: Silver ni maili za ngazi (pointi zinazohesabiwa kwa hadhi) 25,000, Gold 50,000, Platinum 150,000. Hatua ya mwisho inadai mara tatu, na ukumbi ulishaupata kwenye Gold. Kinachowavuta watu huku juu ni ndoto ya kupandishwa daraja bure, lakini hiyo hutegemea viti vilivyobaki, na shirika hupenda kuviuza kwanza. Tena ule ujanja wa kukusanya hadhi kwa safari ndefu za nauli ndogo umepungua nguvu. Delta tangu 2024, na British Airways tangu Aprili 2025, huangalia zaidi pesa ulizotumia kuliko umbali uliosafiri. Mwenye kulipa nauli hizo kwa mfuko wake, heri anunue daraja la biashara kwa ile safari moja ya usiku na alale.