Programu ya Avahi: nyota nne, ya tano nimeikata kwa hasira
Nyumbani Tabata nina kompyuta kuukuu inayotumia Debian (aina ya Linux), jina lake kabati, inayotunza picha za familia. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaigawia namba mpya ya mtandao (IP), na mke wangu ananipigia nikiwa kwenye daladala: "Baba Neema, leo ni 192.168.1 ngapi?"

Fundi mmoja Kariakoo alinishauri ninunue ruta nyingine. Nikaweka Avahi, ya bure, mashine zitambuane kwa majina yanayoishia .local. Kwenye kabati ilikubali papo hapo. Kwenye kompyuta ya mama Neema, ng'o! Amri ya avahi-resolve, ya Avahi yenyewe, inaleta namba ya kabati, lakini ping, amri ya kupima kama mashine inafikika, inasema jina halijulikani. Nililaumu Wi-Fi hadi saa saba usiku, kumbe kifurushi cha libnss-mdns (cha programu, si cha bando), kinachoziwezesha programu nyingine kutafuta majina ya .local, hakikuwepo, na mstari wa hosts kwenye /etc/nsswitch.conf, faili linalopanga majina yatafutwe wapi, ulikuwa na files na dns tu. Nilipokiweka, mdns4_minimal, yaani njia ya majina ya .local, ikajipachika mbele ya dns, ping ikaitika. Msipime kwa nslookup, amri inayouliza DNS moja kwa moja; yenyewe haiupitii mstari huo.

Nyota niliyokata ni ya usingizi wangu. Simu za daladalani zimekoma.