Wakala wa Kampala aliyetupeleka Cancún: alipofaulu na alipotuangusha

Mwezi wa Mei mimi na mke wangu tulikaa siku tisa Cancún, mji wa ufukweni katika jimbo la Quintana Roo nchini Meksiko, kuadhimisha miaka ishirini ya ndoa yetu. Safari nzima, kuanzia maombi ya viza hadi gari la kutupokea uwanja wa ndege, ilipangwa na ofisi moja ya wakala wa safari iliyoko katikati ya jiji la Kampala. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu sina nia ya kuiharibia biashara, na wahudumu wake ni watu wema. Nataka tu kueleza kwa ukamilifu namna ilivyotuhudumia, ili Mganda mwingine anayefikiria kutoa akiba ya miaka kadhaa kwa safari ya namna hii ajue aulize nini kabla ya kulipa.

Kwa upande wa nyaraka, sijawahi kuhudumiwa vizuri kuliko hapo. Mwenye pasipoti ya Uganda anahitaji viza ya Meksiko, isipokuwa awe na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ya nchi za Schengen, ambayo humwezesha kuingia Meksiko kama mtalii bila kuomba nyingine. Sisi hatukuwa na hata moja kati ya hizo, kwa hiyo ilitubidi kwenda wenyewe katika ubalozi wa Meksiko ulioko Nairobi kwa mahojiano. Dada aliyeshughulikia faili letu alikagua taarifa za benki ukurasa kwa ukurasa, na ndiye aliyegundua kwamba barua ya mwajiri wa mke wangu ilikuwa na jina lake la ndoa ilhali pasipoti yake bado ina jina la usichana. Alitutuma siku hiyo hiyo kwa mwalimu mkuu wa shule anakofundisha mke wangu tukapate barua nyingine. Tulipanda basi la usiku kupitia Busia, tukafika Nairobi asubuhi tukiwa na bahasha iliyopangwa kwa utaratibu ule ule ambao afisa wa ubalozi aliufuata katika kuuliza maswali yake, na mahojiano yetu hayakuchukua muda mrefu hata kidogo.

Tiketi nazo zilichaguliwa kwa akili. Tulitoka Entebbe hadi Istanbul, kisha Istanbul hadi Mexico City, na ndege ile ile ikaendelea hadi Cancún, lakini wakati wa kurudi iliondoka Cancún moja kwa moja kwenda Istanbul. Nilipouliza sababu ya mzunguko huo, dada yule alinieleza kwamba Mexico City iko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi, ndege iliyojaa abiria pamoja na mafuta ya kuvukia Atlantiki huwa nzito mno kuruka kutoka hapo, kwa hiyo hushuka kwanza Cancún, pwani, ndipo ijaze mafuta. Alitukumbusha pia kubeba kadi za chanjo ya homa ya manjano kwa ajili ya kurudi Entebbe, na alitutahadharisha kwamba mlangoni mwa uwanja wa ndege wa Cancún tungekutana na watu nadhifu wenye beji ambao hujifanya wahudumu wa watalii kumbe wanauza hisa za vyumba vya likizo. Ilikuwa hivyo hivyo alivyosema, na dereva wetu alikuwa amesimama nje akiwa na karatasi yenye majina yetu.

Ofisi iliyojua mambo hayo yote haikujua, au haikuona umuhimu wa kutuambia, jambo moja kuhusu bahari yenyewe, na bahari ndiyo tuliyoifuata.

Mke wangu ni mwalimu wa sekondari, na kwa hiyo likizo zetu hufuata kalenda ya shule: wiki chache za Mei baada ya muhula wa kwanza, wiki chache mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, na likizo ndefu ya Desemba na Januari. Tulipoeleza hivyo, wakala alituwekea mezani bei tatu. Ya Septemba ilikuwa ya chini kabisa, ya Mei ya kati, na ya mwisho wa Desemba ilikaribia maradufu ya ile ya Mei. Hakutuambia neno lolote zaidi ya bei. Septemba tuliikataa wenyewe kwa sababu kaka yangu, aliyewahi kufanya kazi katika meli, alituonya kuhusu vimbunga: msimu wake katika Atlantiki na Karibiani huanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 30 Novemba, na hupamba moto Agosti hadi Oktoba. Cancún imekwishapigwa vibaya, kwa Gilbert mwezi Septemba 1988 na kwa Wilma mwezi Oktoba 2005, kilichokaa juu ya mji kwa muda mrefu na kuondoka na mchanga wa ufuko kiasi kwamba ilibidi mchanga mwingine uletwe. Mtu anaweza kwenda Septemba na asione hata wingu baya, nalikubali hilo, lakini anapaswa kuambiwa kwa nini bei imeshuka, na anapaswa kuuziwa bima ya safari inayotaja vimbunga kwa jina.

Tukachagua Mei, tukiamini kwamba tumechagua salama. Asubuhi ya kwanza tuliteremka ufukweni tukakuta ukingo mpana wa mwani wa rangi ya kahawia uliorundikana hadi magotini, na vijana wenye matrekta wakiusomba huku mawimbi yakileta mwingine. Mwani huo huitwa sargasamu. Haukui chini baharini kama ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani huufunga kwenye kamba kule Zanzibar, bali huelea juu ya maji maisha yake yote, na tangu mwaka 2011 umekuwa ukizaliana kwa wingi usio wa kawaida katika Atlantiki ya kitropiki, kwenye ukanda unaoanzia karibu na Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Meksiko. Mikondo huusukuma hadi pwani ya Quintana Roo hasa kuanzia Aprili hadi Agosti. Anayelifahamu gugu maji la Ziwa Victoria, linavyoweza kuifunga gati kwa siku moja kisha likaondoka na upepo, atauelewa upesi. Tofauti ni kwamba sargasamu ikioza juu ya mchanga hutoa harufu ya yai viza, na harufu hiyo ilifika mpaka kwenye veranda ya chumba chetu.

Ingekuwa mwani peke yake, ningeandika kwamba tulikuwa na bahati mbaya. Kosa kubwa zaidi lilikuwa mahali pa hoteli. Eneo la hoteli la Cancún ni ukanda mwembamba wa mchanga wa zaidi ya kilomita 20 kati ya bahari na ziwa la pwani la Nichupté, wenye umbo la tarakimu 7, na mji wenyewe ulianza kujengwa hapo kwa mpango wa serikali kuanzia mwaka 1970, mahali palipokuwa na watu wachache mno. Barabara kuu, Boulevard Kukulcán, huhesabiwa kwa kilomita, na anwani za hoteli hutajwa kwa kilomita hizo. Mkono mfupi wa juu wa ile 7 unatazama kaskazini, na kisiwa cha Isla Mujeres kinaukinga, kwa hiyo maji yake ni tulivu, hayana kina kirefu, na mwani hufika kwa uchache. Mguu mrefu unatazama mashariki kwenye bahari ya wazi: mandhari yake ni ya kupendeza kuliko yote niliyowahi kuona, lakini mawimbi ni makali, mikondo huvuta, na bendera nyekundu hupandishwa mara nyingi. Sisi tulipangiwa mguu mrefu, kupita kilomita ya 18, kwa kuwa hapo ndipo wakala alipopata punguzo. Mke wangu alijifunza kuogelea ukubwani katika bwawa la hoteli moja ya Entebbe. Katika siku nne za mwanzo hakuingia baharini hata mara moja.

Hakuna aliyetuuliza kama tunajua kuogelea. Swali hilo lingechukua dakika moja, na jibu lake lingetuhamishia kilomita kumi kaskazini.

Tulipiga simu Kampala siku ya pili, saa nane mchana za huko, ambazo ni saa nne usiku za Uganda kwa kuwa tunawatangulia kwa saa nane. Simu ilipokewa, na kwa hilo nawashukuru. Lakini tuliambiwa kwamba chumba kilinunuliwa kwa bei isiyorudishwa wala kubadilishwa, jambo ambalo kwenye ankara yetu liliandikwa kwa maandishi madogo na halikuwahi kutamkwa kwa mdomo. Siku hiyo hiyo tuligundua kwamba maneno "kila kitu kimelipwa" hayakuwa kamili pia: mapokezi ya hoteli yalitudai ada ya mazingira ya manispaa kwa kila usiku wa chumba, na jimbo nalo lina kodi yake ya wageni, iitwayo Visitax, ambayo mtu huilipa kwenye intaneti. Si fedha nyingi, ila mtu aliyepanga matumizi yake kwa dola zilizohesabiwa hutaka kuzijua akiwa bado nyumbani.

Aliyeiokoa likizo yetu ni mhudumu wa usafi wa hoteli, mama wa makamo, ambaye kwa Kiingereza cha maneno machache na vidole alituelekeza kwenye basi. Mabasi ya R-1 na R-2 hupita Boulevard Kukulcán mchana na usiku kwa nauli ndogo ya peso, na fuko zote za Meksiko ni mali ya umma, kwa hiyo hakuna hoteli inayoweza kukuzuia kukaa kwenye mchanga wa mbele yake. Tulishuka Playa Langosta na Playa Tortugas, kwenye ule mkono mfupi, na hapo mke wangu aliingia maji ya kiunoni, ya rangi ambayo sina neno lake, akakaa mpaka vidole vikanywea. Siku iliyofuata tulivuka kwa feri hadi Isla Mujeres, mwendo wa kama dakika 20 kutoka Puerto Juárez, na Playa Norte ya kisiwa hicho ilikuwa safi kabisa wakati hoteli yetu bado ilikuwa inanuka. Tungejua mapema, siku zetu nne zisingepotea.

Ziara mbili ambazo wakala alizipanga zilikuwa nzuri. Chichén Itzá, magofu ya mji wa kale wa Wamaya, iko kama kilomita 200 magharibi, katika jimbo la Yucatán ambalo saa zake ziko nyuma ya zile za Cancún kwa saa moja, na kiongozi wetu alilikumbuka hilo vizuri ili tufike kabla ya jua kali na misafara ya mabasi. Ngazi za piramidi hairuhusiwi kuzipanda tena. Njiani tulisimama kwenye senote, shimo la maji baridi lililotokea paa la pango la mawe ya chokaa lilipoporomoka. Rasi ya Yucatán karibu haina mito juu ya ardhi kwa sababu mvua yote huzama na kupita chini ya miamba, na kabla ya kuingia tuliamriwa kuoga ili mafuta ya jua yasichafue maji. Chakula cha mchana kilikuwa nyama ya nguruwe iliyofungwa kwenye majani ya ndizi na kuivishwa polepole, cochinita pibil, na mke wangu alipofungua jani lake alisema kwa sauti, "Luwombo!", yaani kile chakula chetu cha Uganda kinachopikwa ndani ya majani ya ndizi. Mpishi hakuelewa, lakini alicheka pamoja nasi.

Tuliporudi niliandika barua ya kurasa mbili na kuipeleka ofisini mwenyewe. Meneja alitukaribisha, akamwita mke wangu "Mwalimu" na mimi "Mzee", akaisoma barua yote mbele yetu bila kujitetea. Alikiri kwamba hakuna mtu katika ofisi yake aliyewahi kufika Cancún, na kwamba hoteli huchaguliwa kutoka kwenye orodha ya muuzaji wa jumla kwa kutazama nyota na bei. Alitupunguzia ada ya huduma kwa safari ijayo, akaomba kubaki na nakala ya barua.

Kwa kazi ya viza na tiketi nitarudi kwao bila kusita, na ningemshauri yeyote anayekwenda Nairobi kwa mahojiano awatumie. Hoteli nitachagua mwenyewe. Anayetaka kuwaachia kazi yote na aende na maswali haya: chumba kiko kilomita ya ngapi ya Boulevard Kukulcán, kinatazama upande gani, mwezi huo bahari huwaje, bei inarudishwa au hairudishwi, na ni ada zipi zitakazodaiwa mapokezini. Sisi tumeanza tena kuweka akiba kwa ajili ya Januari, si ya mwaka ujao bali ya ule unaofuata, baada ya sikukuu kupita na bei kushuka kidogo na kabla shule hazijafunguliwa, na chumba tunachokitaka kiko kati ya kilomita ya 4 na ya 9.