Bango zuri, ila wazazi wananiulizia vitabu vya Hisabati

Nianze na tahadhari. Fundi huyu wa mabango na mihuri simtaji jina wala siutaji mlango wake, maana humu nitamsifu na kumlalamikia kwa pamoja, na Tanga ni ndogo, kesho tutakutana msibani. Ukiwa mtu wa Ngamiani na umewahi kuchongesha muhuri karibu na soko la Mgandini, utamjua kabla hujafika nusu.

Nilimwendea mwezi wa kumi mwaka jana. Nilikuwa nimeacha ukarani wa hesabu kwenye duka la spea nilikokaa miaka 11. Nilikuwa na cheti cha ATEC II, cha ufundi wa uhasibu, kutoka NBAA, ile Bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kompyuta mpakato, na fremu ya kupanga ambayo mlango wake ulifungwa kwa kuuinua kidogo kwa goti. Kazi yangu ni kuwapangia wafanyabiashara wadogo hesabu zao: risiti zilizojaa kwenye mfuko wa rambo, madeni yaliyoandikwa ukutani kwa chaki, nazigeuza kuwa daftari linalosomeka. Kwa fundi nilitaka nembo, bango la mlangoni, muhuri na kadi 200. Bei aliyonipa: nembo 60,000, bango la futi 6 kwa 3 na fremu yake ya chuma 150,000, muhuri 40,000, kadi 50,000. Jumla 300,000. Sikupunguziwa hata senti, ila nililetewa kahawa na kashata.

Jina nililolipenda mwanzo lilikuwa Mizani. BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, walishanirudishia maombi kwa kuwa linafanana na majina yaliyokwisha kusajiliwa, nami nilikuwa bado na kinyongo. Nilipomsimulia fundi, akacheka mpaka miwani ikamshuka.

"Shukuru Mungu, mwanangu. Ukiandika Mizani barabarani, madereva wa malori watapunguza mwendo wakidhani wanapimwa uzito."

Huyu mzee ana tabia moja ambayo sikuikuta kwa mafundi wengine wawili niliowaulizia bei. Wale walitaka nitume jina kwa simu, nilipe nusu, nirudi Alhamisi. Yeye alinikalisha kwenye kigoda na kunihoji kama shahidi. Utamhudumia nani? Wanasoma? Watakupata kwa kupita barabarani au kwa kuelekezwa? Mteja akitaka kumwelekeza mwenzake, atasemaje?

Nilikuwa na orodha ya majina 14. Alifuta tisa bila huruma. Yale yenye "Konsalti" na "Globali" aliyakata kwa mstari mmoja. Akanionyesha kwa kidevu duka la ng'ambo, fremu moja inayouza vocha na chaja, juu imeandikwa kuwa ni kampuni ya kimataifa. Jina langu mwenyewe pia alilikataa. Kwa mama ntilie ni sawa, alisema, watu wanafuata mkono wa mpishi, lakini siku utakapoajiri kijana wa kukusaidia, kila mteja atataka ahudumiwe na wewe. Hapo nilianza kuona kwamba zile 60,000 za nembo hazikuwa za kuchora tu.

Kati ya matano yaliyobaki lilikuwemo Urari. Mimi nililiandika la mwisho, kwa aibu kidogo, maana ni neno la kishuleni. Waliofika kidato cha nne wanalijua kwenye ushairi, urari wa vina na mizani. Kwenye hesabu urari ni kulingana kwa pande mbili: unajumlisha kushoto, unajumlisha kulia, zikitofautiana hata shilingi moja hulali. Nikamwambia fundi kwamba kwa mji wetu linafaa mara mbili, kwa sababu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapo jirani mwaka 1909, kabla ya kujulikana nchi nzima alikuwa karani wa forodha Pangani. Mshairi na karani katika mtu mmoja. Mzee akaguna. Akasema historia haisomeki kwenye bango la futi 6.

Alichofanya ni kumpigia simu mkewe, mwenye genge la viungo pale sokoni, akanipa simu niseme jina mara moja tu, katikati ya kelele zote zile, kisha mama akalituma kwa ujumbe kama alivyolisikia. Ukaja: URALI. Nikaona limekwisha. Mzee akasema hapana, herufi moja si mbaya, jina baya ni lile ambalo ujumbe wake hauji kabisa. Akampigia tena kumweleza maana yake, pande mbili kulingana. Mama akajibu kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia: "Sasa si aseme hivyo!"

Basi BRELA nikapeleka Urari, nikiwa na namba yangu ya NIDA na 20,000 ya kulipia, na likapita. Hapa nimsahihishe mzee wangu jambo moja kwa niaba ya wateja wake wengine, kwa sababu alinikabidhi nembo huku akisema, "Sasa hii ni yako, hakuna wa kuigusa." Si kweli. Kusajili jina la biashara ni jambo moja, kusajili alama ya biashara au huduma ni jambo lingine, lina fomu zake na ada zake hapo hapo BRELA, na ulinzi wake wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Mimi sijasajili alama bado. Fundi wa bango si wakili, na hakuniambia hivyo kwa ubaya.

Nembo ya kwanza aliyonichorea ilikuwa janga. Kikokotoo, kalamu, mshale unaopanda, mikono miwili inashikana, na nyuma yake dunia. Nilimuuliza kama imebaki nafasi ya meli. Akanuna kidogo, akaifuta. Kwenye rangi pia tulivutana: alitaka nyekundu, kwa kuwa ni shabiki wa damu wa timu yetu ya Coastal Union na kila bango mtaani kwake lina wekundu ndani. Nikamwambia mzee, Wagosi wa Kaya nawapenda, lakini kwenye hesabu nyekundu ni hasara, siwezi kumkaribisha mtu dukani kwa hasara. Tukaenda na bluu ya wino.

Nembo ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya. Alichukua herufi U peke yake, kubwa, bila pambo. Nikaipenda, lakini kila nikiitazama jicho linanisumbua na sikujua kwa nini. Nikaomba rula. Ile aina ya herufi aliyotumia, yenye vikucha kama ya magazeti ya zamani, mkono wa kushoto wa U ni mnene na wa kulia ni mwembamba. Kwenye karatasi yake wa kushoto ulikuwa milimita 9, wa kulia 4. Biashara inayoitwa Urari, na herufi yake ya kwanza kushoto imezidi kulia! Nilipomwonyesha alinyamaza kwa muda, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Halafu akasema miaka yote anachora herufi na hajawahi kuona kwamba U ina upande. Akabadilisha kuwa herufi zisizo na vikucha, mikono sawa kwa sawa, akapima mwenyewe mara mbili. Hiyo U ndiyo iliyo kwenye bango, kadi na muhuri, na ninajivunia kuliko cheti.

Sasa makosa. La kwanza ni langu. Wakati tunapanga maneno ya chini ya jina, mzee aliniuliza kazi yangu itamfaa nini mtu kama mkewe. Nikampa mfano. Mwenye mauzo ya milioni 6 kwa mwaka, kwa viwango nilivyokuwa nikitumia wakati huo, asipokuwa na kumbukumbu anakadiriwa kodi ya 100,000. Akiwa nazo, analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 60,000. Tofauti ni 40,000, gunia zima la kitu fulani pale gengeni. "Basi andika hivyo," alisema. Mimi nikaona ni maneno ya mtaani mno. Nikamwandikia kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa: UTUNZAJI WA VITABU VYA HESABU. Akasoma, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, utauza na vitabu?" Nikamjibu kwa haraka ya msomi kwamba ndilo jina la taaluma.

Bango likapanda Desemba. Januari shule zikafunguliwa.

Wa kwanza alikuwa baba mmoja na baiskeli, mtoto amekaa nyuma na sare mpya, anataka kitabu cha Hisabati darasa la tatu. Nikadhani amekosea mlango. Siku ile walikuja wanne. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimewarudisha wazazi 19, niliwahesabu, na mmoja alikasirika kwamba nimeweka bango na mzigo sina. Mwanafunzi wa sekondari akauliza kama nafundisha tuisheni. Mteja wa kweli wa wiki ile alikuwa mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, naye aliniambia alipita mara mbili akidhani ni duka la vitabu. Utunzaji wa vitabu tunauelewa sisi tuliokaa darasani. Barabarani kitabu ni cha kusoma, na hesabu ni zile za mwalimu.

Nilirudi kwa mzee nikiwa mdogo. Shikamoo, marahaba, hakusema neno la kunisuta. Alitoa ule mstari, akaweka mwingine: TUNAPANGA HESABU ZA DUKA LAKO. Gharama ilikuwa 30,000, akachukua 15,000. Mzazi mmoja mmoja bado anaingia, lakini sasa na wenye maduka wanaingia.

Makosa yake yeye ni matatu, na si madogo. Alichelewa siku 9 bila kupiga simu, kila nikienda naambiwa stika inatoka Dar. Pili, ile stika yenyewe haikuwa ya kukaa nje. Ndani ya miezi mitatu, kwa jua letu na upepo wa chumvi, ilianza kutoa malengelenge upande wa juu, na herufi ya mwisho ya jina ikakunja mguu. Aliirekebisha bure, ila alinijia baada ya simu nne. Ukienda, muulize waziwazi stika ni ya ndani au ya nje, na ukubali kuongeza.

La tatu ni kadi. Kadi zote 200 zilitoka na namba ya simu iliyokosewa. Nilijua siku ya pili, pale mteja alipoingia akinilalamikia kwamba amepiga akapokea mvuvi wa Sahare, akaulizwa anataka pweza kilo ngapi. Nilipolinganisha, 52 ilikuwa imekaa 25. Nikamfundisha mzee ujanja wetu wa ofisini: tarakimu mbili za jirani zikibadilishana nafasi, tofauti inayobaki hugawanyika kwa 9 siku zote. 52 kutoa 25 ni 27. Kwa hiyo ukiona hesabu zimegoma na pengo linagawanyika kwa 9, kwanza tafuta mahali mtu alipogeuza namba. Alijaribu na namba kama sita kwenye boksi la karatasi, akamwita kijana wake aje aone. Akachapa kadi upya bila kunitoza. Ningependa zaidi angesoma namba kabla, lakini sawa.

Na kulikuwa na jambo moja dogo ambalo nusura tugombane. Alitaka kuniwekea CPA, herufi za mhasibu aliyethibitishwa, mbele ya jina kwenye kadi, maana ameona kadi nyingi zina herufi hizo na "zinaijaza". Nikamwambia herufi hizo ni za waliofaulu mitihani ya NBAA ya ngazi hiyo na kusajiliwa, mimi sijafika. Akasema nani atajua. Nikamwambia nitajua mimi, na siku moja atajua mtu wa Bodi. Zikaachwa.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano iko kwenye stika na zile simu nne. Kama unafungua biashara ya huduma Tanga na jina bado halijakaa sawa, nenda kwake kabla hujalipa popote, ukae kigodani. Ijumaa mchana hufunga mpaka watu watoke msikitini. Andika maneno yako na namba ya simu kwenye karatasi, kisha simama umsomee tarakimu moja moja anapochapa. Muhuri wa kujipaka wino chukua, ni imara, wangu umegonga tangu Desemba na bado unatoa duara safi. Ila usilipe 40,000. Kijana wake aliniambia baadaye kwamba wanaojua kuuliza hulipa 35,000.