Hattie McDaniel au Thelma Ritter, nani mkali?

Kwa waigizaji wasaidizi wa Hollywood ya zamani mi nabaki na hawa wawili tu. Hattie alibeba Oscar 1940 kwa Gone with the Wind, mtu mweusi wa kwanza kuipata, ila usiku huohuo walimkalisha meza ya pembeni ukutani, mbali na wenzake wa filamu, yani unashinda halafu unatokea kule kona kwenda kuchukua tuzo yako, inauma jamani. Na baada ya hapo roli zikawa zilezile, za uhausigeli tu.

Thelma wa Brooklyn kaanza filamu 1947 ana miaka 45, hata jina hawakuliandika. Akateuliwa Oscar mara 6, zote patupu! Uhausigeli naye kaucheza, lakini alipewa na vitu vingine, mfano kwenye filamu ya Pickup on South Street, mama muuza tai za shingoni anayeuza na siri kwa polisi, ile sini yuko kitandani hoi kachoka na maisha na muuaji kamsimamia, mi chozi lilinitoka.

Kwa uigizaji namchukua Thelma, ila Hattie angepewa roli kama hizo sijui kama ningethubutu kusema hivi, maana yule jicho lake tu lilikuwa linaongea.